Mashine Ilisema Tayari

Mzee aliniomba samahani, nami nikaipokea. Ni miaka mingi sasa na bado inanichoma, kwa sababu samahani ile haikuwa deni lake, wala mimi sikuwa na haki ya kuipokea.

Ilikuwa mwaka 2014. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, na mjomba akaniweka kwenye steshenari yake: chumba kimoja, kompyuta tatu, mashine ya kutoa kopi, na feni iliyohamisha joto kutoka kona moja kwenda nyingine. Kama umewahi kukaa upande ule wa meza, kazi unaijua. Unachapa barua za maombi, unatoa kopi za vyeti, unapiga laminesheni, unasafisha virusi kwenye flashi za wanachuo ambao wana kazi ya kuwasilisha saa nne na wamekuja saa tatu na nusu.

Mzee alikuja na kesi ya shamba. Baraza la ardhi lilimtaka apeleke maelezo yake kwa maandishi, na maandishi hakuwa nayo. Alichokuwa nacho kilikuwa kichwani: nani aligawiwa wapi, mbele ya mashahidi gani, wangapi kati yao bado wako hai, mwembe upi ulipandwa na marehemu kaka yake uwe alama ya mpaka, na mkorosho upi uliota wenyewe, usije ukahesabiwa kuwa alama. Yeye alisema, mimi nilichapa. Siku tatu mfululizo alifika saa kumi jioni. Namwamkia, anaitikia, anavuta kiti, anaendelea pale alipoishia jana kana kwamba hakuwahi kunyamaza. Zikafika kurasa 11.

Faili lile lilikaa kwenye flashi yake tu. Kompyuta za mjomba zilikuwa na programu inayozirudisha kila asubuhi kama zilivyokuwa siku ya kwanza, ili virusi na picha za wateja visirundikane humo. Ukizima usiku, ulichokiacha kimekwenda.

Siku ya tatu, Ijumaa, nikahifadhi mara ya mwisho. Kile kidirisha cha kuonyesha kazi inavyoendelea kikajaa, kikatoweka. Nikamwambia, "Tayari mzee, unaweza kuchukua." Akaichomoa mwenyewe, akaifunga kwenye kona ya leso kama watu wanavyofunga hela, akaondoka.

Jumatatu alirudi mapema, hata kufagia sijamaliza. Alitaka kuchapisha, maana siku hiyo hiyo alikuwa anatakiwa barazani. Nikachomeka flashi. Faili lipo. Jina lipo, tarehe ipo. Ukubwa: 0. Nikalifungua, ukurasa mweupe.

Hapo nikatoa hukumu, kwa sauti ya mtu anayejua. "Mzee, ulichomoa bila kuijekti."

"Nisamehe mwanangu," akasema. "Sisi wazee mambo haya hatuyajui."

"Haina shida mzee. Siku nyingine uwe makini tu."

Uwe makini! Nilikuwa na miaka 20, namwambia awe makini mtu aliyeweza kutaja mipaka ya shamba, mti kwa mti, bila kushika karatasi.

Nataka kubishana na hukumu ile, kwa sababu sikuitunga mimi. Nimeisikia kwenye maabara za chuo, kwenye studio za muziki, kwenye ofisi za kata, kwa wapiga picha za harusi. Mtu amepoteza kazi yake, na kabla hajamaliza kueleza ameshaulizwa: uliijekti? Akisema hapana, kesi imefungwa. Mimi nasema kesi hiyo inahukumiwa bila mshtakiwa wa kweli kuitwa. Mshtakiwa ni mfumo endeshi, ile programu inayosimamia kompyuta nzima, na shtaka lenyewe ni kusema "tayari" kabla haijawa tayari.

*

Nilipofika chuo ndipo nikajua kwamba tatizo la mzee lina umri kuzidi wangu. Tangu kompyuta ndogo zianze kutumia diski za kuingiza na kutoa, watengenezaji wake wamekuwa na swali moja: nitajuaje kwamba diski iliyomo sasa ndiyo ile ile niliyoisoma muda mfupi uliopita?

Linaonekana swali la kitoto mpaka uone kinachotokea likijibiwa vibaya. Kila diski ina jedwali linaloeleza faili gani liko vipande gani, na kila kipande kiko wapi. Lifikirie kama daftari la ghala. Kulisoma daftari hilo kila mara kunachelewesha kazi, kwa hiyo mfumo hulinakili kwenye kumbukumbu yake na kuitumia nakala. Sasa mtu akitoa diski ya kwanza akaingiza ya pili, na mfumo usijue, unaweza kuandika daftari la diski ya kwanza juu ya diski ya pili. Mzigo wote wa ghala la pili bado umo ndani, ila hakuna tena anayeweza kusema gunia lipi ni la nani.

IBM PC ya mwaka 1981 haikuwa na njia ya kujua. Draiva zake za flopi za inchi 5.25 hazikuwa na waya wa kuiambia kompyuta kwamba mlango umefunguliwa. Waya huo ulikuja na IBM PC/AT ya mwaka 1984, kwenye draiva za megabaiti 1.2. Kabla ya hapo ilibidi programu ikisie.

MS-DOS ilikisia kwa saa. Mark Zbikowski, aliyeongoza kazi ya MS-DOS 2.0, ambaye herufi zake MZ zimo mpaka leo mwanzoni mwa mafaili ya programu za Windows, alikaa na saa ya kupimia huku wenzake wawili wakijaribu kubadilisha flopi kwa haraka kadiri walivyoweza. Hakuna aliyeweza chini ya sekunde mbili. Ikawa kanuni: kama diski imesomwa ndani ya sekunde mbili zilizopita, chukulia ni ile ile. Zikizidi, usiiamini tena nakala uliyonayo.

Ninachokipenda kwenye kisa hiki ni kwamba mtu alipima mkono. Aliukubali mkono wa binadamu na mwendo wake, kisha akaufanya mfumo uufuate.

Kuna jambo jingine la MS-DOS ambalo nalipenda zaidi. Mfumo ulipoiuliza programu ya kusimamia diski, "Je, diski imebadilishwa?", majibu yaliyoruhusiwa yalikuwa matatu: haijabadilishwa, imebadilishwa, na sijui. "Sijui" lilikuwa jibu halali kabisa, lina namba yake, sifuri, na mfumo ulitakiwa uwe na la kufanya ukilisikia. Kama haukuwa na chochote kinachosubiri kuandikwa, ulisoma diski upya. Kama kulikuwa na kitu kinachosubiri, ulichukulia diski haijabadilishwa. Hapo unaiona kamari, nayo ni ya siku nyingi: mashine yenye mzigo mkononi hupenda kuamini kwamba mwenye mzigo hajaondoka. Hata hivyo ilianza kwa kukiri. Baadaye, MS-DOS 4.0 ya mwaka 1988 ikaanza kuipa kila diski namba yake wakati wa kuiformati, namba inayotokana na tarehe na saa, ili diski mbili zenye sura moja zisichanganywe.

Wengine walichukua njia tofauti. Macintosh ya mwaka 1984 haikuwa na kitufe cha kutolea flopi. Uliiomba kompyuta, yenyewe ikamaliza kuandika, kisha mota ndogo ikaitema diski. Kuomba kwenyewe kulikuwa kwa kuiburuta picha ya diski mpaka kwenye pipa la taka, jambo lililowatia hofu watu waliodhani wanafuta kila kitu. Kwa dharura kulikuwa na kitundu cha kuchomekea klipu ya karatasi iliyonyooshwa. Mimi sipendi kufungiwa mlango. Lakini nakubali kwamba pale aliyeshika mlango ndiye aliyebeba jukumu: diski ikitoka kwa njia hiyo, kazi imekwisha. Draiva za CD nazo zina tabia hiyo. Mfumo ukishaufunga mlango, bonyeza kitufe mpaka uchoke.

Amiga ya mwaka 1985 iliuacha mlango wazi, lakini iliwajua wageni wake kwa majina. Draiva yake ikiwa tupu ilisikika ikigonga kila baada ya sekunde chache, tik, tik. Ni mfumo ulikuwa unakisogeza kichwa cha kusomea ili ujue kama kuna diski imeingia. Na ukichomoa diski ambayo bado ilikuwa inahitajika, ilikutaka uirudishe, ikiitaja kwa jina. Hakukuwa na mahubiri ya ulipaswa kufanya hivi au vile. Ilikuwa inasema tu: sijamaliza, nirudishie ile.

Kwa hiyo uungwana wa mashine una njia tatu. Shika mlango mpaka umalize. Au mwachie mtu mlango, lakini uwe na uwezo wa kumwita arudi. Au usiseme umemaliza kabla hujamaliza. Mzee wangu hakupewa hata moja kati ya hizo tatu.

*

Usiniambie kwamba flashi ni ngumu kuitambua. Hapa ndipo hasira yangu inapopanda, kwa sababu lile swali la mwaka 1981, kwa upande wa kujua nani kaingia na nani katoka, lilishajibiwa.

USB ilipotoka mwaka 1996 iliundwa makusudi kwa kuchomeka na kuchomoa kompyuta ikiwa inawaka. Chukua flashi ya kawaida, ile yenye kichwa cha bati cha mstatili, uchungulie ndani. Kuna vibati vinne vya rangi ya dhahabu. Viwili vya pembeni, vya umeme, ni virefu kuliko viwili vya katikati, vya data. Ukichomeka, umeme unatangulia kufika. Ukichomoa, data inaachana kwanza, umeme unafuata. Mtu alikaa akafikiria hata tofauti hiyo ya milimita. Flashi ikishapata umeme inaupandisha waya mmoja wa data, volti inapanda, kompyuta inajua kuna mgeni. Ukichomoa, volti inashuka, inajua ameondoka. Ule mlio unaousikia kwenye spika ni mfumo unakuambia nimekuona.

Mfumo uliona, basi. Kwa nini karatasi za mzee zikapotea?

Kwa sababu ya neno tayari. Mfumo uliopangwa kwa ajili ya kasi, ukiuambia uhifadhi, hauandiki hapo hapo. Unaipokea data kwenye kumbukumbu yake, unakuambia imekwisha, halafu unaandika baadaye ukipata nafasi. Kwenye Linux, kwa mpangilio wake wa kawaida, data iliyobadilishwa inaweza kukaa kwenye kumbukumbu sekunde 30 hivi kabla haijalazimishwa kwenda kwenye diski. Sekunde 30. Zbikowski aliupima mkono akakuta sekunde mbili. Sisi tuliokuja baada yake tumeutaka mkono ule ule usubiri mara kumi na tano ya hapo, na wala hatukuuambia kwamba unasubiri.

Halafu kuna namna flashi zenyewe zinavyopangwa. Nyingi zinatumia FAT, mpangilio ambao mzizi wake ni wa mwaka 1977, enzi za flopi. Ndani ya FAT, faili moja linaandikwa mahali patatu: yaliyomo, jedwali la vipande, na mstari wa jina lake kwenye folda, wenye ukubwa na tarehe. Ukikatiza katikati, jina linaweza kuwa limeshaandikwa huku ukubwa ukibaki 0. Hiyo ndiyo sifuri tuliyoitazama mimi na mzee Jumatatu ile. Mipangilio ya diski za ndani, kama NTFS ya mwaka 1993, huandika kwanza kwenye daftari la pembeni kile inachokusudia kufanya, ili ikikatizwa ijue pa kuanzia. FAT haina daftari hilo. Kwa hiyo diski iliyofungwa kwa skrubu, isiyotoka kamwe, ndiyo iliyopewa kinga. Ile inayosafiri kwenye leso na mifuko ya suruali, inayochomekwa kompyuta nne kwa siku, imeachwa ijitegemee.

Likizo ya kwanza ya chuo nilirudi steshenari, nikaifungua mipangilio ya kompyuta ile ile. Kulikuwa na chaguo la kasi na chaguo la kutoa flashi kwa haraka. Alama ilikuwa kwenye kasi. Sijui aliyeiweka ni nani, huenda fundi aliyetuuzia. Ninachojua ni kwamba kati ya mimi, mjomba na mzee, hakuna aliyeulizwa.

*

Majibu nayajua, maana nimeyatoa mwenyewe.

La kwanza ni kasi. Kuandika moja kwa moja kunachelewa, na flashi za bei rahisi zinaandika kwa uvivu. Ni kweli. Na ukihamisha mafaili madogo maelfu, kuyakusanya kwanza kunaleta nafuu ya kweli. Lakini kwa faili la kurasa 11 nafuu hiyo ilikwenda kwa nani? Flashi ya mzee iliandika kwa mwendo wake ule ule. Kilichowahi kufika ni neno tayari. Ni kama fundi cherehani anayekuambia suruali imeisha ili uache kumsumbua, kisha anaanza kukata kitambaa ukishageuka.

La pili ni elimu: watu wafundishwe kuijekti. Sawa, wafundishwe. Ila nionyeshe kwanza wanachofundishwa. Kialama kidogo kwenye kona ya chini, kimefichwa nyuma ya mshale, chenye maneno ya Kiingereza, ukikibonyeza wakati mwingine kinakujibu kwamba flashi inatumika na hakikuambii inatumiwa na nani. Siku tatu za kazi ya mzee zilining'inia kwenye kitu hicho. Na mtu aliyefundishwa akafuzu, umeme ukikatika anafanyaje? Kompyuta ya mezani haina betri. Sisi tuliokulia kwenye mgao tunaujua ule mlio wa feni ikikata roho na watu wote chumbani wakisema "aah!" kwa pamoja. Pale nani ameijekti? Mfumo unaotaka kuagwa kwanza ndipo utunze kazi yako hautufai sisi ambao umeme wetu huondoka bila kuaga.

La tatu ndilo gumu: mtu akichomoa katikati ya kuandika, hakuna mfumo wa kumwokoa. Hili nalikubali lote. Waya ukikatika umekatika. Lakini itazame tena Ijumaa ile. Mzee alipochomoa, kompyuta ilijua wakati ule ule kwamba flashi imeondoka. Ilijua kwamba ina kurasa mkononi ambazo hazijaandikwa. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, maandishi yote 11 bado yako wazi kwenye skrini, mzee bado yuko mlangoni anafunga leso. Kilichohitajika ni sentensi moja kubwa katikati ya skrini: mrudishe huyo, sijamaliza. Ningeita, "Mzee, subiri!" Kama ilitoa onyo lolote, lilikuwa dogo kiasi kwamba mimi niliyelipwa kuitazama sikuliona. Nikaufunga ukurasa, nikamhudumia mteja mwingine. Usiku tukazima, na asubuhi ile programu ya usafi ikafuta hata mabaki.

Hapo ndipo kosa lilipo. Mkono wa mzee ulifanya kile mikono imekuwa ikifanya tangu flopi ya kwanza. Amiga ya mwaka 1985 ilijua namna ya kumwita mtu aliyetoka na diski ambayo haijakamilika. Miaka karibu thelathini baadaye, mbele yangu, mashine yenye nguvu mara nyingi zaidi ilinyamaza.

*

Na wasikudanganye kwamba hivi ndivyo kompyuta zilivyo, hakuna la kufanya. Angalia mlango unavyofanya kazi upande wa pili, wa kuingia.

Tangu Windows 95, kulikuwa na AutoRun: ukiingiza diski, mfumo unalitafuta faili fulani, ukilikuta unafuata maagizo yaliyomo. Wazo lilikuwa CD ijifungue yenyewe, mtu asihangaike. Kisha zikaja flashi, na ukarimu ule ukawa barabara ya virusi. Kirusi cha Conficker kilichojitokeza Novemba 2008 kilitumia njia kadhaa kuenea, na flashi ilikuwa mojawapo. Kufika mwanzoni mwa mwaka 2009 kilikuwa kimeingia kwenye mitandao ya jeshi la majini la Ufaransa na ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza. Februari 2011 Microsoft ikasambaza sasisho la kuizima AutoRun ya flashi hata kwenye kompyuta za zamani zenye Windows XP na Vista. Hakuna aliyesema watu wafundishwe tu kuchomeka kwa makini. Ilionekana kwamba mlango wenyewe ndio mbovu, ukarekebishwa.

Upande wa kutoka, Microsoft inaeleza kwamba kuanzia toleo la 1809 la Windows 10, lililotoka mwaka 2018, chaguo la mwanzo kwa diski za nje ni lile la kutoa haraka: mfumo hautunzi maandishi kwa ajili ya baadaye, na mtu anaweza kuchomoa bila ile ibada ya kona ya chini, ilimradi hakuna kinachoandikwa wakati huo. Nililisoma jambo hilo nikiwa kazini, nikacheka peke yangu, kicheko kisicho na furaha. Kumbe ni chaguo. Ni alama inayohamishwa kutoka mstari mmoja kwenda mwingine. Miaka yote ile tulikuwa tunawakaripia wazazi wetu kwa kushindwa kufidia alama iliyowekwa mahali pasipofaa.

Hii ndiyo sababu nakataa kuliita jambo dogo la kiufundi. Chaguo la mwanzo ni uamuzi wa nani abebe hasara mambo yakiharibika. Ukiuweka mfumo kwenye kasi, umeamua kwamba sifa ya wepesi itakwenda kwa mashine na hasara itakwenda kwa mwenye flashi. Ukilisindikiza na onyo kwamba diski haikutolewa ipasavyo, umeshaandaa na hukumu yake. Anayelipa mara nyingi ni yule ambaye hana kompyuta yake, asiye na nakala nyingine mtandaoni, anayekodi dakika za mashine ya mtu mwingine, na ambaye kwa adabu yake ataomba samahani kabla hajaulizwa.

*

Baraza liliahirisha shauri kwa sababu nyingine kabisa, kwa hiyo mzee alipata wiki moja. Alirudi, akavuta kiti, tukaanza upya. Sikumtoza. Lakini safari hii hakuwa yule wa kwanza. Alisimama kila mara kuniuliza, "Hili nilishalisema?" Mambo aliyoyaeleza mara ya kwanza kwa raha, akicheka, akitaja na mvua ya mwaka ule, sasa aliyataja kama orodha. Zikafika kurasa 7. Alipokwisha kuondoka ndipo nikakumbuka kwamba mkorosho haukutajwa. Sikuwa na namba yake ya simu. Shauri liliishaje sikupata kujua.

Siku hizi naandika programu kwa ajili ya kuishi, na najua baadhi yenu mnaosoma hapa mnafanya kazi hiyo au mtaifanya. Kwenu nina ombi moja. Msiandike neno tayari mpaka iwe tayari. Kama hamjui, semeni hamjui. Mashine dhaifu za zamani ziliweza. Na mtu akiondoka kabla hamjamaliza, mwiteni kwa sauti, akiwa bado mlangoni.

Wengine mtakuwa upande ule wa meza, kwenye steshenari, maabara, ofisini, au mtakuwa tu yule mtoto ambaye nyumbani huitwa kila simu au kompyuta inapogoma. Mimi nilijiwekea kanuni: simpi mtu flashi yake mpaka niichomoe mwenyewe, niichomeke tena, nilifungue faili mbele yake aone maneno yake. Inachukua dakika moja. Hata hivyo ni dakika ambayo mashine ingetakiwa kuitumia yenyewe, na naitumia nikiwa nalijua hilo.

Na akija mtu ameshika flashi yenye sifuri, tafadhali usianze na uliijekti. Muulize nani alimwambia tayari.